Siku Niliyozungushwa Jamaika Nikiwa na Msiba

Mama yangu mpendwa,

Waitu, kwa heshima yote nakusalimu kwa magoti, kama ningekuwa hapo nyumbani juu ya nyasi ulizotandika mwenyewe. Mguu unaendeleaje? Unakula? Mdogo wangu Kaijage ameniandikia kwamba tangu mazishi unaonja tu na kusukuma sahani. Tafadhali, mama, kula hata kidogo.

Nasikia darasa la watu wazima limekufundisha kusoma, na kwamba barua zangu sasa huzisomi kwa mdomo wa katekista. Nimefurahi. Ndiyo maana leo naandika kwa herufi kubwa, na naandika mambo ambayo nisingependa ayasome mtu mwingine kwa sauti.

Telegramu ya kwamba baba amefariki ilinifikia mkiwa mmeshamzika. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, nikaandika pia kwa ofisi yetu ya ubalozi, nikiomba kurudi nyumbani hata kwa wiki moja. Walinijibu kwa upole. Walisema nchi yetu ni maskini, imenituma kujifunza magonjwa ya migomba kwa ajili ya wote, na haiwezi kumsafirisha mtu mmoja mara mbili. Nilitafuta neno la kuwapinga, sikulipata. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana wangenitukana ningekuwa na wa kumkasirikia.

Baada ya hapo nikawa nalala tu. Mama mwenye nyumba ninayopanga, Bi Ivy, mjane wa makamo, aliona chakula kinarudi jikoni kama kilivyokuja. Ana kaka yake aitwaye Linton, ambaye kazi yake ni kuwatembeza watalii wanaoshuka melini. Jumamosi moja hakukuwa na meli, basi akamwambia, "Mchukue huyu mtoto wa watu, umzungushe kisiwa chote. Akibaki humu ndani atakufa."

Nilikataa. Bi Ivy akanitolea viatu nje, akafunga mlango.

Linton ni mtu mwema, lakini hajui kutembeza mtu kwa namna nyingine isipokuwa ile ya watalii. Nimekaa peke yangu kiti cha nyuma, yeye ananyoosha mkono dirishani: "Upande wako wa kulia, ngome ya kale ya Waingereza. Upande wa kushoto, maporomoko ya maji yanayopendwa na maharusi." Akasimamisha gari tukatazame maporomoko. Wazungu walikuwa wanapanda miamba wameshikana mikono, wanacheka. Mimi nilivaa suruali nyeusi na kitambaa cheusi mkononi. Mzungu mmoja mwanamke akaniomba nimpige picha na mumewe. Nikawapiga picha.

Mama, kisiwa hiki ni kizuri, sitakudanganya. Udongo ni mwekundu, kahawa iko milimani, mvua inanyesha ghafla kama huko kwetu. Ningekuwa nimetumwa mahali pa jangwa au theluji, labda ningevumilia. Hapa kila kona ya barabara nadhani nitaona nyumba yetu, halafu siioni.

Mchana tukafika kwenye migomba. Ni shamba la kampuni, linapanda kilima na kushuka upande wa pili. Nilimwomba Linton asimame. Niliingia ndani. Hakuna maharage chini, hakuna mibuni, hakuna nyumba katikati yenye moshi. Kila mkungu umevishwa mfuko wa plastiki wa buluu. Lakini majani yalikuwa yanasuguana kwa sauti ile ile. Nikashika mgomba mmoja nikaita, "Tata," kama nilivyozoea kumwita baba. Nilikuwa sijalia tangu telegramu. Hapo nikalia.

Mlinzi akaja na panga. "Wewe, toka humo."

Linton akamkimbilia. "Mwache kidogo. Amefiwa na baba yake."

"Baba yake amezikwa humu?"

Nikamwambia kwamba kwetu tunawazika watu wetu kwenye kibanja, katikati ya migomba, karibu na nyumba. Alinitazama sana.

"Hapa hatuziki mtu," akasema. "Hapa tunakata na kupeleka melini. Msimamizi anapita sasa hivi. Akikukuta nitafukuzwa, nami nina watoto. Samahani, kaka."

Nikatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alinifutia matope kwenye goti kwa mkono wake.

Kuanzia hapo Linton hakuonyesha kitu tena. Aliniambia nihamie kiti cha mbele. Tulipokuwa tunateremka kuelekea pwani akauliza, "Wewe unajua baba yako amelala wapi?"

"Kando ya babu. Na babu kando ya baba yake."

"Mimi namjua babu yangu," akasema. "Nyuma yake sijui mtu. Waliletwa hapa kwa meli, watumwa, nasi hatukuambiwa hata jina la kijiji walikotoka."

Najua alitaka kunifariji. Lakini sikufarijika, mama. Niliona tu kwamba kuna huzuni iliyotangulia ya kwangu na haijaisha hadi leo. Nikawaza kwamba labda hivi ndivyo mtu anavyoanza kupotea, akiwa anahesabiwa kuwa yuko masomoni.

Tuliporudi Bi Ivy akauliza, "Umekiona kisiwa chetu?" Nikamjibu nimekiona, nikamshukuru, nikaingia chumbani. Sasa nakula, usiogope. Nasoma pia. Ila moyo umekaa chini na sijui utainuka lini.

Nisalimie dada Kemilembe wa Miembeni na mumewe fundi cherehani, shangazi yetu wa Nshambya, na mjomba anayetengeneza baiskeli sokoni Muleba. Mwambie Kaijage asante kwa kubeba peke yake kazi ya wana wawili.

Nimesikia kwamba mnagawa vitu vya baba, na kwamba koti lake zito umelitundika ukutani, hutaki liguswe mpaka nirudi. Mama, litoe. Mpe Kaijage alivae sasa, baridi ya asubuhi ikiwa bado kali. Litamkaa vizuri. Na ukimwona kwa mbali anakuja kati ya migomba, ukadhani ni baba, usinifiche, niandikie.

Mwanao,
Ishengoma