Fimbo Iliyofunga Banda la Kuku

Lubao, 2 Machi 2025

Ndugu yangu Shikanga,

Pokea salamu zangu na za migomba yangu, ambayo ina afya kuliko mimi. Goti lako je? Barua nampa Patroba wa bodaboda kwa sababu simu zangu hushiki.

Unakumbuka kwenye matanga ya mama. Ngoma ya isukuti ikilia, mimi nimekaa na nyonga yangu inayouma, ukaninyang'anya fimbo mbele ya watu: "Eksirei imesema mfupa ni mzima. Huo ugonjwa wako wa lupus ni wa ngozi, si wa miguu. Picha haidanganyi. Cheza, mvivu wewe." Nikacheza, mimi mjinga mwenye makalio ya gunia. Tangu siku hiyo jina langu ni Mvivu, mpaka sokoni.

Juzi Daktari Cherotich amenipeleka kwa MRI. Unalazwa ndani ya pipa linalogonga kama kinu cha posho. Nilijiona nimekuwa mahindi. Anasema eksirei huona mfupa ukishabonyea. Hii imeona mapema: damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa nyonga, na dawa za lupus zenyewe zimechangia. Wakinitoboa mfupa sasa kupunguza shinikizo, nikatembea na fimbo, huenda nyonga ikaokoka. Nikichelewa, itabonyea.

Nataka fimbo yangu.

Dada yako,
Awinja

Butere, 9 Machi 2025

Dada Awinja,

Huku hatujambo, ila goti likinishika hata kuinuka ni kazi. Pole kwa mambo ya pipa.

Fimbo ipo. Ndiyo inafunga banda la kuku. Nikiitoa, paka atamaliza vifaranga. Nitakutafutia nyingine.

Kubwa ni hili: tarehe 26 Aprili wakwe wanakuja kuzungumza mahari ya binti yangu Naliaka. Wewe ndiwe senge wake. Bila shangazi kuketi, wazee hawafungui mdomo. Njoo, dada, ya matanga tuyaache.

Mdogo wako,
Shikanga

Lubao, 12 Machi 2025

Ndugu Shikanga,

Nimefurahi kusikia kuku wana usalama.

Nitakuja, kwa ajili ya Naliaka. Lakini waite wapiga isukuti. Fimbo unipe kwa mkono wako mbele ya wakwe, kisha ucheze mpaka niseme basi. Goti linauma? Si ulilipiga eksirei mwaka jana ukatutangazia mfupa ni mzima? Picha haidanganyi, ulisema.

Usipocheza, Patroba ananirudisha Lubao kabla wazee hawajakohoa.

Senge,
Awinja

Lubao, 28 Aprili 2025

Ndugu mchezaji,

Umeamkaje? Hukunijibu barua, lakini ulicheza. Wakwe waliniuliza kama wewe huwa na furaha hivyo kila siku. Nikasema ndiyo, tangu utotoni.

Najua ulikuwa ukinitazama nikuambie basi. Mdomo ulikuwa na mandazi, baba. Nilipomaliza la tatu ulikuwa umeshikilia ukuta, jasho linadondoka, na Naliaka ananikazia macho. Nilidhani hapo nitakuonea huruma. Bado naingoja ije.

Jumatatu ijayo natobolewa mfupa. Daktari anasema tumewahi.

Na hilo goti, nimemweleza Cherotich. Anasema eksirei peke yake haitoshi, nenda ukalazwe kwenye pipa. Akikuambia utembee na fimbo, tafuta yako. Hii nimeshaiosha mavi ya kuku.

Dada yako,
Mvivu