Kinyozi Katupwa, Nyumba Inauzwa

Swahiba, shika simu!

Ile komedi ya kinyozi kwenye televisheni, si unaijua? Kinyozi wameshamtupa. Siku hizi ni watoto wanaouza nyumba ya baba yao kisirisiri.

Nami niliwadanganya wanangu kwamba hadithi za komedi hiyo natunga mimi!

Leo tunaitazama wote, nacheka peke yangu. Binti yangu akazima televisheni. "Baba, kumbe ulishajua?"

Nijue nini? Nikatabasamu kijanja tu.

Kaka yake akamaka: "Si nilikwambia mzee anatusikia!"

Anatusikia! Swahiba, ANATUSIKIA!

"Basi afadhali," binti akasema. "Mnunuzi anakuja kesho kuiona nyumba."

Nimejifungia chooni. Wako mlangoni, wananiuliza kwa upole yule baba wa kwenye komedi ataamua nini.

Sijui, swahiba. Wallahi sijui.