Bastola Uliyoniambia Umeirudisha

Baba mpendwa,

Najua huko uliko huna haja na habari za Hounslow, huku London, lakini hizi utazisikiliza. Leo kazini nimemkabidhi mteja birika la mtu mwingine, nikamtakia siku njema, naye akaenda zake nalo. Mama, ambaye yuko kwangu tangu mwezi uliopita, jana alasiri alinieleza kilichotokea Jumapili ile nyumbani Wundanyi. Amenificha miaka mitatu, kisha akaniambia huku akimenya viazi.

Nianze na bastola yenyewe, maana ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu ya mwisho ya furaha.

Duka lako la dawa lilikuwa limevunjwa mara mbili. Mara ya tatu wezi walikuja nyumbani, wakapitia dirishani, wakakufunga mikono kwa waya wa pasi. Ukaomba leseni, ukahojiwa, ukasubiri, ukapata. Ukanunua bastola mpya, fupi, nyembamba, ya kuvaliwa kiunoni ndani ya koti bila mtu kujua. Niliposikia nilicheka. Mzee wa kanisa, mtu wa kupima dawa ya kikohozi kwa kijiko, leo ana silaha ubavuni. Ukanijibu, "Wewe cheka tu. Hukuuona ule waya."

Haukupita muda ikaanza kukusumbua. Kila mwezi ulishuka Mombasa kwenye uwanja wa shabaha, na Jumapili ukinipigia simu ulinisomea matatizo yake kutoka kwenye daftari, kwa sauti ileile uliyowasomea wagonjwa maagizo ya dawa. Risasi ya nne, ganda limekwama, halikuruka nje. Ya tisa, vivyo hivyo. Ya kumi na tatu haikuingia sawasawa, chuma cha juu kimebaki nyuma upana wa ukucha, na ukivuta kifyatulio hakuna kitu. Ulibadilisha aina ya risasi, ukabadilisha magazini ya kuwekea risasi, ukaipaka mafuta, ukayafuta. Muuzaji akakwambia ni mpya, inahitaji kuzoea kama kiatu.

"Nimemwambia kiatu kikinibana nitachechemea," ulinisimulia. "Hii ikinibana nitazikwa."

Nawe ulikuwa unamwambia nani habari hizo? Mimi, mtu wa kaunta ya kurudishia bidhaa. Kutwa nzima nasimama hapo nikisikiliza watu na vikaango vyao na pasi zao, na nikishaona risiti siwaulizi mengi. Nikakushika koo. "Rudisha, baba. Kitu kipya hakizoeshwi. Beba risiti, beba daftari lako, simama pale mpaka wakubadilishie." Nilikwambia hivyo Jumapili tano mfululizo. Nikakuandikia hata barua ya malalamiko, nikakutumia kwenye simu ili uichape na kutia sahihi. Jumapili ya sita ukasema, "Nimeirudisha. Wamenipa nyingine nzuri. Sasa utaniacha nipumue?"

Nilijivuna wiki nzima. Niliwasimulia wenzangu kazini jinsi nilivyomsaidia baba yangu kudai haki yake kutoka mbali, ingawa sikuwaambia ni bidhaa gani.

Hukuirudisha, baba. Hilo nimelijua jana. Ulichoka tu na kelele zangu.

Mwezi uliofuata nikaja. Nilikuwa nimeachana na mume wangu na sikutaka kuwaambia jambo kama hilo kwa simu, basi sikumwarifu mtu kwamba naja. Ndege ilitua Mombasa alfajiri, nikakodi gari, saa tano hivi niko kwetu. Ilikuwa Jumapili, na nilijua saa hiyo mko kanisani. Nilitaka mkirudi mnikute jikoni nimeshapika, niwaone mtakavyoshangaa. Wundanyi ilikuwa na baridi yake ya Julai, nami nilikuwa nimevaa lile koti langu jeusi, kofia yake nimeivuta hadi machoni. Ufunguo wa mlango wa jikoni nilikuwa nao siku zote, umening'inia pamoja na wa nyumba yangu ya huku. Nikafungua, nikaingia.

Sikupiga hodi. Miaka kumi na mmoja ya London ilikuwa imeniondolea desturi hiyo kabisa. Huku ukifika kwa mtu unabonyeza kengele, au unasimama nje unamwandikia ujumbe kwamba umefika. Mtu anayesimama mlangoni akapaza sauti watamfungulia dirisha wamtazame. Na pale nilidhani nyumba ni tupu, nimpigie nani hodi?

Nilikuwa nimeinamia droo natafuta kisu. Nikasikia kitu kikilia tik, kidogo tu, nikadhani ni jiko la gesi. Nilipogeuka nikakuona umesimama mlango wa ukumbini, umevaa pajama, jasho linakutoka, mkono wa kulia umeuficha nyuma. Kumbe ulikuwa umebaki nyumbani na homa. "Sapraizi," nikasema, nikavua kofia. Wewe ukateremka taratibu na ukuta mpaka ukakaa sakafuni.

"Kwa nini hukupiga hodi?" ukaniuliza.

"Hodi kwetu, baba? Nimekuwa mgeni?" Nikacheka. Nikakuletea maji na kukupima joto kwa kiganja, nawe ukageuza uso.

Jioni niliwaeleza wewe na mama habari za ndoa yangu. Ulisema "Sawa" ukaenda kulala. Tangu hapo kwa wiki mbili hukukaa nami chumba kimoja. Nikija sebuleni, wewe unaondoka kwenda kuangalia kuku. Asubuhi nilikuwa nafumbua macho nakukuta mlangoni pa chumba changu, umesimama unanitazama, na ukiona nimeamka unaondoka bila hata salamu. Siku ya safari hukunisindikiza. Na niliporudi huku, nikipiga simu, ulikuwa na sentensi moja tu, "Mama yako huyu hapa."

Mimi nilielewa nilivyoelewa. Nilijua umenikataa kwa sababu nimeachika, mzee wa kanisa ameona aibu kwa bintiye. Nilikasirika, nami nikaacha kukuulizia. Ulipokufa mwaka jana nilikuja kwenye mazishi kama mtu aliyetumwa kumwakilisha mwingine. Waliponiita niseme neno, mimi mwanao wa kwanza, nilishukuru waombolezaji nikakaa. Watu walidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira, baba, na nilihakikisha halitoki hata tone la chozi.

Jana basi nilikuwa jikoni na mama, mazungumzo yakapita huku na huku yakafika kwako, nikasema nilichokuwa nasema kila mara, kwamba wewe ulinichukia tangu niachike. Mama akaweka kisu chini.

"Babako hakukuchukia, Wakesho," akasema. "Babako alikupiga risasi. Haikutoka tu."

Nilidhani umri umeanza kumchanganya. Nikamwambia, mama, unasema nini.

"Alisikia mlango umefunguliwa na hakuna sauti ya mtu. Akatoka nayo. Akaona mtu wa kofia amempa mgongo, droo iko wazi. Akakulenga hapa." Akanigusa katikati ya mabega kwa kidole kilichokuwa na maji ya viazi. "Akavuta. Ikagoma. Alikuwa anajiandaa kuivuta tena ndipo ukageuka."

Nilikaa kwenye kiti nikakaa vibaya, kikanimwaga. Mama aliniinua. Nikamuuliza, na zile asubuhi alizokuwa anasimama mlangoni? Akasema ulikuwa unakuja kuhakikisha ninapumua, na kwamba usiku ulikuwa unaota nimelala sakafu ya jikoni. Akasema Jumatatu yake, na homa yako, ulishuka kituo cha polisi ukaikabidhi pamoja na leseni na risasi zote, na walipokuuliza sababu ukawaambia imeharibika.

Tangu jana nazunguka na jambo moja ambalo akili yangu haitaki kulibeba. Mimi ndiye niliyekusumbua uirudishe. Mimi na risiti zangu na barua yangu ya malalamiko. Kama ungenisikiliza, wangekupa nzima, isiyokwama, na mama angerudi kutoka kanisani akanikuta hapo chini. Niko hai kwa sababu ulinidanganya na kwa sababu kiwandani mtu alifanya kazi mbovu. Leo mteja mmoja alikuwa ananifokea kwamba vitu vya siku hizi havifai, nikamtazama mpaka akanyamaza mwenyewe.

Nilimuuliza mama kwa nini hamkuniambia. Akasema ulimkataza, ulisema nikijua nitaogopa kurudi nyumbani.

Ningeogopa, baba, sikudanganyi. Pengine ningekaa mwaka mzima bila kuja. Lakini ningekupigia simu usiku nikilia, nawe ungelia, na siku moja ningekuja, nikasimama nje ya mlango nikaita hodi mpaka majirani wakatoka. Ungenifungulia. Tungekuwa na miaka miwili ya kuogopa pamoja. Badala yake uliamua peke yako, ukaenda kukaa na kuku, ukaniacha niamini sina baba. Mimi nami nikakuzika kama mtu nisiyemjua.

Hilo la mazishi naomba unisamehe. Desemba nitakuja na mama tulijengee kaburi lako, na niliyopaswa kuyasema siku ile nitayasema, ingawa hakutakuwa na watu.

Kuhusu risasi, nimekwisha kukusamehe. Ilinichukua muda ule tu wa mama kuniinua kutoka sakafuni. Ulimwona mwizi, na mwizi alikuwa amewahi kukufunga kwa waya. Kimya chako ndicho sijakusamehe, baba. Najaribu. Nivumilie.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza