Kimeo cha Zuhura Hakikatwi

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu Binti Salumu,

Shikamoo. Nimeitanguliza usije ukasema mji umenifundisha ujeuri; ujeuri nilikuja nao. Goti lako vipi? Na lile jino moja, bado linakaa au limeshahama? Mwanangu Mwajuma mzima, na Zuhura mtoto wake mzima. Mimi nakula, nalala, nashona magunia ya duka la Mwarabu, mengine nayaleta nyumbani. Tangu tumzike wifi yako moyo umeingia ganzi, kama mkono uliolaliwa. Watu wananipa pole, nami naitikia kama hodi iliyopigwa nyumba ya jirani.

Barua yako nimeipata. Unasema Zuhura anaingia mwaka wa nne na hasemi, basi nimlete huko fundi wako amkate kimeo. Nisikilize kwanza, kisha utukane.

Mwajuma alisikia kuna mama mmoja wa Kihindi hapa mjini, kasomea ng'ambo kazi ya kuwafundisha watoto kusema. Nikamwambia, "Kusema nako kunasomewa? Basi shangazi yako angekuwa mwalimu mkuu."

Tukaenda. Yule Mwalimu akagonga kijiko nyuma ya kisogo cha mtoto, mtoto akageuka. Akamtazama kinywani. "Masikio mazuri, na kimeo hakina kosa. Mkikikata atapata kidonda, hatapata maneno." Kisha akamwinamia. "Hujambo? Jina lako nani?"

Nikajibu mimi, kama kawaida yangu. "Hajambo, anaitwa Zuhura, mke wangu mdogo. Anasema huyu mume mzee amemchosha."

"Mzee, nimemuuliza yeye."

"Hasemi, ndiyo maana namsemea."

"Mtoto ana wakili hodari hivi, aseme kwa haja gani?"

Mwajuma akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mwalimu. Na marehemu mama alikuwa hivyohivyo. Mtoto akitazama mtungi tu, kata iko mdomoni."

Sikuudhika. Wala sikucheka. Hiyo ndiyo ganzi.

"Si nyinyi mliomchelewesha," Mwalimu akasema. "Wengine huchelewa tu. Lakini mpeni nafasi." Akamuuliza Mwajuma mtoto anapenda nini nyumbani. Akaambiwa anapenda kukaa karibu na mama yake akipika vitumbua. "Basi darasa letu liko hapo. Mimi nitamwona asubuhi moja kwa juma, nyinyi mnaye siku zote. Taja kitu kimoja, mtazame usoni, halafu ngoja. Na Mzee naye angoje."

Kila juma Mwajuma hurudi kumweleza Mwalimu kilichofaa na kilichoshindikana, wakakaa wawili wakashauriana kama wanaoposa.

Dada, kungoja kwangu ni kazi! Utani na mjukuu ndio pekee uliobaki mdomoni mwangu. Nikajiwekea sheria: nikishamuuliza, nashona mishono kumi ndipo nifungue kinywa. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili alisema "mama," halafu "moto."

Ijumaa iliyopita, nimetoka kusali, Mwajuma alikuwa anaepua vitumbua. Akanyanyua kimoja. "Kitumbua." Akangoja. Mimi nashona. Kwenye mshono wa saba Zuhura akatazama kigoda cha bibi yake, akasema:

"Bibi wapi?"

Mwajuma akaniangalia. "Baba, mjibu."

Miaka yote namsemea, leo ananiuliza mimi. Shazia, hii sindano ya magunia, ikaniingia kidole gumba. Nikasikia uchungu. Mtoto akarudia, "Bibi wapi?"

"Bibi amekufa, mke wangu."

Nikashona mishono kumi. Gunia lile limepinda mpaka leo. Zuhura akanishika kidole chenye damu, akakitazama weee. Kisha akamnyooshea mama yake mkono.

"Kitumbua."

Basi mwambie fundi wako kisu chake akakatie kucha. Zuhura haji. Njoo wewe: muulize jambo, halafu unyamaze mishono kumi. Najua wa tatu hutaufikia.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu aliyejifanya kiziwi ili aishi na wewe, na mkweo, na majirani wote.

Mkono ukiachiwa na ganzi ndipo unapouma, dada. Sasa unauma.

Mdogo wako mtukutu,
Seifu