Wazee Hawataki Mguu wa Mke Wangu Ukatwe

Mama Mellen, nakusalimu na naomba usinicheke, hapa nilipofika akili yangu imegota. Mimi ni Cephas wa Rodi Kopany, mke wangu Lynnet ni fundi wa kushona hapa sokoni, na mwaka jana alitokewa na uvimbe nyuma ya goti, haukumuuma, tukasema ni jipu, mama mmoja wa miti shamba akaukanda kwa majani jioni baada ya jioni, badala ya kupungua ukawa kama kiazi kitamu, ndipo tukaenda hospitali wakakata kipande kidogo kikapelekwa Nairobi, jibu likarudi kwamba ni kansa ya nyama, si ya mfupa, na daktari akatueleza polepole kwamba ungekuwa mdogo angeutoa peke yake auache mguu, lakini umeshazunguka mshipa mkubwa wa damu na ule wa fahamu, kwa hivyo mguu ukatwe juu ya goti, na haraka, maana picha ya kifua bado ni safi.

Mimi nililia pale pale, yeye hakulia. Alimuuliza daktari, "Nitabaki na paja la kutosha kuvaa mguu wa bandia?" Akaambiwa ndiyo. Tangu siku hiyo anaufunga mguu mgonjwa pembeni kwa leso na kukanyaga cherehani kwa ule mwingine, uzi ukikatika anacheka, ananiambia, "Cephas, sare za shule zitatoka tu." Mama, sijaona mtu kama huyu, na ninampenda kuliko siku ya harusi.

Shida ni baba mdogo, Mzee Obonyo, mkubwa wa boma letu tangu baba afariki. Anasema mguu wa mke wa boma lazima uzikwe bomani, na kuzika kiungo cha mtu aliye hai ni kumwita mwenyewe afuate, tutaleta chira, laana ya kuvunja mwiko, mpaka kwa watoto, na kwamba mtu huzikwa akiwa kamili. Hospitali inaningoja mimi kama mume nikubali, nami nimewaambia wasubiri, na Lynnet nimemdanganya kwamba daktari amesafiri. Nifanye nini?

Cephas, Rodi Kopany, Juni 1996

Cephas,

Yawa! Mke ameamua, daktari ameamua, umebaki wewe tu, na wewe umempeleka daktari safari ambayo hata gari hajapanda. Aibu!

Barua nyingi zimepita mikononi mwangu, lakini hii ya kuhusu Lynnet wako imenifanya niweke kalamu chini kwanza. Mwanamke anaambiwa atapoteza mguu, naye anauliza kuhusu paja litakalobaki! Huyo usimwonee huruma. Simama kando yake.

Naelewa kwamba Mzee Obonyo ni kama baba yako, na chira si jambo la mzaha kwenu. Simdharau. Lakini yeye anaogopea mguu, wewe ogopea mapafu, kwa sababu kansa hii ikitoka mguuni mara nyingi hukimbilia huko, na kifua kilicho safi leo huenda kisiwe safi mwezi ujao. Sikuapii kwamba kukata kutamponya, na daktari mkweli hatakuapia. Ndiyo nafasi nzuri aliyo nayo, basi.

Leo, kabla hujala, mwambie Lynnet ukweli na umwombe radhi. Kesho nendeni pamoja. Mwulizeni daktari mara moja tena kama kuna njia ya kuuokoa mguu. Akisema hakuna, kubali hapo hapo, na umwulize lini Lynnet atarudi kupimwa kifua na wapi mguu wa bandia hutengenezwa. Mguu uliokatwa waachieni hospitali wauzike kwa utaratibu wao. Na asiukande mtu tena huo uvimbe, hata kwa maji ya moto!

Kisha nenda kwa Mzee ukiwa na pasta wenu, umweleze kwa heshima kwamba umeshaamua. Atanuna. Wacha anune. Ukikaa kumngoja akubali, atapata kile anachokitaka: mtamzika Lynnet akiwa kamili, na miguu yake yote miwili.