Nondo wa Nishani ya Mwisho

Jumamosi, 4 Oktoba

Mke wangu anacheza tangu kifungua kinywa. Kishikwambi ni cha binti yetu, alikisahau alipokuja likizo, na ndani yake mna mchezo wa bustani. Unapanda, unavua samaki, unakusanya wadudu. Kila ukitimiza jambo kengele inalia, unapewa nishani. Nishani zote ni mia moja na ishirini. Yeye anazo mia moja na kumi na tisa. Mkunga mstaafu, miaka sitini na saba!

Nilimuuliza nishani hizo zinaliwa au zinavaliwa. Akasema walimu ndio wagawaji wakuu wa nyota za karatasi, basi nisijifanye mgeni. Nikaenda kumwagilia maua.

Alhamisi anapasuliwa jicho. Presha ya macho. Daktari alisema waziwazi: upasuaji unaokoa kilichobaki, haurudishi kilichopotea. Akikosa zamu hii, nyingine ni baada ya miezi mitatu, na miezi mitatu ni mingi.

Jumapili, 5 Oktoba

Amesema haendi. Alitamka hivyo akichovya mkate kwenye chai, kana kwamba ni safari ya sokoni. Kwanza amalize. Amebakiwa na mdudu mmoja tu: nondo anayetoka mvua ikinyesha bustanini.

Nilimpigia binti yetu simu, nikamshtaki mama yake. Alicheka sana. Kisha akanieleza kwamba wako wengi wa namna hiyo. Hadithi ya gemu imekwisha (nilimsahihisha: mchezo), wenzao wamehamia gemu jingine, wao wanarudi miezi mizima kutafuta kitu kimoja kilichobaki. Hakuna zawadi. Hakuna anayewaona. Ila asilimia tisini na tisa haiwapi raha. Nikasema huo ni upuuzi. Akaniuliza ni baba wa nani aliyekwenda shuleni na homa, mara mbili, ili mstari wake katika daftari la mahudhurio usiwe na tundu.

Nilimuaga.

Miaka thelathini na mmoja, hakuna tundu. Na ni nani aliyewahi kulifungua daftari lile?

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo sikufoka. Nilimuuliza kwa upole anatafuta nini humo. Akasema:

"Mwalimu, nimezalisha miaka thelathini na minane. Mtoto akilia, nakata kitovu, namkabidhi mama yake, naitwa kitanda cha pili. Sijui hata mmoja aliishia wapi. Humu kitu kikiisha, naambiwa kimeisha."

Ameniita Mwalimu tangu tuoane, kwa kawaida kwa kejeli. Leo haikuwa kejeli.

Jumanne, 7 Oktoba

Niliketi kando yake mchana kutwa. Mvua ya mchezo ilinyesha mara tatu. Mara tatu nondo alitokea — mdogo, rangi ya kijivu, juu ya majani meusi — akapita mbele ya macho yake kabisa. Mara tatu mke wangu alisema, "Bado hajatoka."

Mimi nilimwona. Sikusema.

Sasa nimeelewa, na sipendi nilichokielewa. Si nishani tu. Akimkamata yule mdudu kwa macho yake, basi daktari amekosea na macho ni mazima. Anajipima! Na kila mvua anaanguka mtihani bila kujua kwamba umepita. Au anajua.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike yote, nisijipendelee.

Asubuhi alikwenda kuoga. Kishikwambi kilikuwa juu ya kitanda, mvua ya mchezo ikinyesha. Nondo akatua. Nikaweka kidole. Kengele ikalia, maua yakaruka kioo kizima: mia moja na ishirini. Niliwaza jambo moja tu — kesho atakubali kwenda.

Kengele ile aliisikia bafuni. Alitoka na taulo kichwani, akasogeza kioo karibu na pua.

"Nani kamkamata?"

Nikasema alijikamatisha mwenyewe. Mimi! Msimamizi wa mitihani, niliyemtoa mtahiniwa ukumbini kwa karatasi ndogo kuliko kucha! Na uongo wenyewe hata mtoto wa darasa la kwanza angeona haya kuutoa.

Hakugomba. Aliketi, akaniuliza kama nimewahi kumpa mwanafunzi alama za jirani yake. Nikasema sijawahi. Akasema, "Basi hujanisaidia. Umenifanya mjinga." Kisha akapapasa kioo mpaka akampata nondo kwenye kisanduku chake, akamwachia. Kumbe inawezekana. Mia moja na kumi na tisa.

Tulikula. Nikiwa naosha vyombo nilikusanya ujasiri, nikamwambia ukweli wote: kwamba jana nondo alipita mara tatu, kwamba nilimwona, kwamba nilinyamaza kwa woga. Alikuwa anakausha sahani. Aliendelea kukausha ileile sahani muda mrefu.

"Mara tatu," akasema.

"Mara tatu."

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa moja na robo asubuhi. Hospitali wanatutaka saa mbili. Mke wangu amevaa gauni la kutokea na viatu, kadi ya hospitali iko pajani, kishikwambi juu ya kadi. Sijathubutu kumuuliza maana yake ni nini.

Teksi imefika. Nikasimama. Akagonga godoro kwa kiganja, mara mbili, niketi.

"Leo utaniambia yuko upande gani," akasema. "Kushoto, kulia, juu, chini. Kidole kitakuwa changu."

Nimeketi. Naandika kwa kuwa mvua ya gemu bado. Dereva amepiga honi. Nimemwonyesha vidole vitano dirishani. Mke wangu hatazami kioo. Amekielekeza kwangu, na kidole chake kiko tayari, hewani.

Inaanza kunyesha. Kushoto — hapana, juu zaidi —