Mwendo wa Saa Tatu

Ulan Bator, Jumatano

Kwa mdogo wangu Sodbileg,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakuuliza hali. Je, mgongo umepona, au ile kazi ya kuwahamishia watu samani bado inakutesa? Sisi tupo. Baridi imetubana, moshi wa makaa umetukausha koo, nami nimechoka. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa barua hii shemeji Purev, anayekuja huko Seoul Jumamosi.

Mama miguu imevimba, hasimami bila kushikwa. Namwogesha, namlisha, namgeuza, ndipo niende kiwandani kushona. Ulimi wake tu ndio mzima. Juzi alimwambia daktari, "We mtoto, mikono yako ya baridi hivyo, nani atakupa binti yake?"

Sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya, wageni walikuja kuamkia kama kawaida, akiwemo Undarmaa, binti wa jirani, ambaye siku hizi anauza tiketi za ndege. Unajua wazee wetu hawaulizi safari itachukua muda gani. Kuuliza ni kuitia njia mkosi. Kwa hiyo miaka yote hii Mama hakujua Seoul iko umbali gani. Kila mgeni alimwambia kwamba mwanawe yuko mwisho wa dunia, maskini, angekuwa karibu angeshakuja. Naye akikutetea kwa maneno hayohayo, nasi hatukumsahihisha.

Siku hiyo swali likaulizwa. Undarmaa, mtoto wa mjini, akajibu huku anatafuna: "Aa, Seoul hapo tu! Kilomita kama elfu mbili, saa tatu na ushee. Hata usingizi haukolei."

Mama akaweka bakuli chini. Akasema alipokuwa na uchungu wako, mkokoteni wa ngamia ulimchukua mchana kutwa na usiku kucha kufika hospitali. Kisha akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nilimweleza kwamba huna vibali, ukitoka huko hutaruhusiwa kurudi. Akasema hakuniuliza habari za vibali.

Unakumbuka kwetu mama humrushia maziwa mwanawe aliye safarini, njia yake iwe njema. Kila asubuhi nilimkokota Mama hadi mlangoni akurushie yako. Asubuhi baada ya jibu la Undarmaa nilipomletea kijiko na maziwa, aliniambia niyatie kwenye chai. Alisema aliye mwendo wa saa tatu hayuko safarini, huyo amehama.

Sasa nikwambie ukweli. Aliyeuliza lile swali ni mimi. Ulimi haukuteleza. Nilimwuliza Undarmaa kwa sauti, Mama akisikia, kwa sababu nilichoka kusikia akikutetea wakati mikono inayomgeuza ni yangu. Nilidhani nitapumua. Sikupumua, Sodbileg. Sasa hakutaji kabisa, na chakula anaonja tu. Njoo, hata kama hutarudi tena huko.

Wanangu wanakuamkia, na Undarmaa pia. Mama nilimwuliza nikufikishie salamu gani. Akageukia ukutani.

Ni mimi dada yako,
Tsogzolmaa